Ruta ya Wi-Fi Nyumbani: Namna ya Kuichagua na Kuifunga Mwenyewe

Maswali ya watu wanaofunga ruta kwa mara ya kwanza hayabadiliki sana. Mmoja amenunua ruta ghali na anashangaa kwamba chumbani kwake video bado zinakwama. Mwingine amechomeka waya kwenye kila tundu alilolikuta na taa ya intaneti ingali nyekundu. Wa tatu amekuta manenosiri mawili nyuma ya kifaa na hajui lipi ni la nini. Mwongozo huu umeandikwa ili kuwajibu wote watatu. Hauhitaji ujuzi wa kompyuta zaidi ya kufungua kivinjari na kuandika bila haraka, na ukifuata hatua kwa mpangilio wake, kazi yote huchukua muda wa saa moja hivi.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: lawama nyingi zinazotupiwa ruta si zake. Ruta huipokea intaneti inayofika nyumbani na kuigawa. Haiwezi kuongeza kasi ambayo haikuletwa, wala haiwezi kupenyeza mawimbi katika kuta tatu za zege kwa sababu tu ina antena nane. Kwa hiyo, kabla ya kuangalia maandishi ya boksi, angalia nyumba yako na kifurushi unacholipia.

Kabla ya kununua

Swali la kwanza halihusu ruta hata kidogo: intaneti inaingiaje nyumbani kwako? Ikiwa inaingia kwa faiba, mtoa huduma huwa ameweka ukutani kisanduku kidogo kinachopokea mwanga wa faiba na kuutoa kwa njia ya waya wa kawaida wa mtandao. Hapo ruta yoyote yenye tundu la WAN, yaani tundu la kupokelea intaneti, inafaa. Ikiwa inaingia kwa waya wa simu wa shaba, au kwa kebo ile ile ya televisheni, ni lazima iwepo modemu (kifaa kinachogeuza mawimbi ya waya huo kuwa intaneti) ya aina hiyo hasa, ama ikiwa kifaa cha peke yake ama ikiwa imejengwa ndani ya ruta, kwa maana modemu ya waya wa simu haiwezi kufanya kazi ya modemu ya kebo. Ikiwa unatumia laini ya simu, unahitaji ruta yenye nafasi ya kuwekea laini, na uhakikishe kwamba haikufungiwa kampuni moja na kwamba inapokea masafa yanayotumiwa na mtandao wako wa simu. Wapo wanaonunua ruta nzuri kabisa ambayo haina pa kuchomekwa waya uliopo nyumbani, basi kabla ya kulipa piga picha ya ncha ya waya huo na tundu lake, uende nayo dukani.

Tazama pia kama kisanduku ulichopewa na mtoa huduma tayari ni ruta yenye Wi-Fi. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Katika hali hiyo jaribu kwanza kukihamishia mahali pazuri zaidi, kama hatua ya kwanza hapa chini inavyoeleza, kisha ndipo uamue kama kweli una sababu ya kununua kingine.

Swali la pili ni kasi ya kifurushi. Kasi huandikwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa mafaili huandikwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kitapakua takriban megabaiti 5 kwa sekunde, na hapo hakuna aliyekuibia. Ukishaijua kasi yako, chunguza matundu ya ruta, kwani ruta nyingi za bei ya chini zina matundu yasiyopitisha zaidi ya megabiti 100. Kwa mwenye kifurushi cha megabiti 50 hazina ubaya wowote. Mwenye kifurushi cha megabiti 300, akiuchomeka waya wake kwenye tundu la namna hiyo, atakuwa analipia theluthi mbili asizozipata, na kwake tundu la gigabiti 1, yaani megabiti 1000, ni la lazima.

Sasa zile namba za kwenye boksi. AC1200 au AX3000 si kasi utakayoiona kwenye simu yako. Namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha kasi za juu kabisa za kinadharia za masafa yote ya ruta, kisha kuisogeza hadi namba ya karibu inayosomeka vizuri: katika AX3000, kwa kawaida ni megabiti 574 za gigahezi 2.4 pamoja na megabiti 2402 za gigahezi 5. Simu nyingi huunganishwa kwenye masafa ya aina moja tu kwa wakati mmoja, tena hugawana hewa na kila kifaa kingine kilichomo ndani ya nyumba, kwa hiyo ukipata nusu ya namba ya upande mmoja ukiwa chumba kimoja na ruta, umepata vizuri sana.

Chenye maana kuliko namba hizo ni kizazi cha Wi-Fi. Wi-Fi 4 ni ya mwaka 2009 na Wi-Fi 5 ni ya 2013. Ruta za Wi-Fi 6 zilianza kupewa uthibitisho rasmi mwaka 2019, na za Wi-Fi 7 mwaka 2024. Vizazi hivi huelewana: simu ya zamani itaunganishwa na ruta mpya, ila itakwenda kwa mwendo wake wa zamani. Kwa maoni yangu, nyumba nyingi zinatoshelezwa na Wi-Fi 6, ambayo faida yake kubwa ni kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja bila kuvisubirisha foleni ndefu, na kasi ya simu moja inakuja baada ya hapo. Wi-Fi 5 bado inafaa kwa mtu mwenye vifaa vichache. Wi-Fi 7 nunua ikiwa tayari una vifaa vinavyoitumia na kifurushi cha kasi kubwa; la sivyo utakuwa umelipia barabara ambayo magari yake bado hujayanunua. Wi-Fi 4 yenye gigahezi 2.4 peke yake usinunue tena, hata ukiikuta kwa bei ya kutupa.

Kuhusu masafa, inatosha kukumbuka hivi. Gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa watu, kwani majirani wote wamo humo pamoja na bluetuthi na mawimbi yanayovuja kutoka kwenye oveni ya maikrowevu. Gigahezi 5 ina kasi kubwa na nafasi nyingi, lakini huchoka haraka ikikutana na ukuta. Gigahezi 6, inayopatikana katika Wi-Fi 6E na katika ruta nyingi za Wi-Fi 7, ina nafasi zaidi, nayo hupenya kuta kwa shida zaidi. Chagua ruta yenye angalau 2.4 na 5 kwa pamoja.

Ukubwa wa nyumba ndio unaoamua kama ruta moja itatosha. Nyumba ya vyumba viwili au vitatu, au ya kuta nyepesi, hutoshelezwa na ruta moja iliyowekwa katikati. Nyumba ndefu, ya ghorofa, au yenye kuta nene za zege huhitaji vituo zaidi ya kimoja, na hapo una njia tatu. Iliyo bora ni kupitisha waya wa mtandao hadi upande wa pili na kuweka huko ruta ya pili inayotoa Wi-Fi tu. Inayofuata ni seti ya meshi, ambayo vituo vyake viwili au vitatu hufanya kazi kama mtandao mmoja na simu huhama kutoka kimoja hadi kingine bila wewe kugusa chochote. Ya mwisho ni ripita, kile kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani. Ripita ni rahisi na huwafaa wengi wenye kona moja tu yenye shida, lakini zile zinazopokea na kutuma kwa masafa yale yale hupunguza kasi kwa karibu nusu, na ukiiweka pale ambapo mawimbi tayari ni hafifu itakurudishia uhafifu ule ule. Mahali pake ni katikati ya ruta na chumba chenye shida.

Mwisho, hakikisha ruta inatumia WPA3, au angalau WPA2 (viwango vya kulinda Wi-Fi kwa nenosiri), na kwamba mtengenezaji wake bado anatoa masasisho ya programu dhibiti, yaani ile programu ya ndani inayoendesha kifaa chenyewe. Ruta iliyotumika inaweza kuwa nafuu nzuri, lakini ikiwa mtengenezaji aliacha kuisasisha miaka mingi iliyopita, matundu yake ya kiusalama yatabaki wazi daima.

Vitu vya kuandaa

- Ruta yenyewe pamoja na adapta yake ya umeme iliyokuja nayo.
- Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e au zaidi. Ule mfupi wa ndani ya boksi kwa kawaida unatosha.
- Kompyuta yenye tundu la waya, au simu janja ikiwa huna kompyuta.
- Taarifa kutoka kwa mtoa huduma: kama akaunti yako inahitaji jina la mtumiaji na nenosiri ili kuunganishwa, na kama kuna namba ya VLAN (ile inayotenganisha huduma zinazopita kwenye waya mmoja) ya kuingiza. Zipate mapema, kwa sababu ukishazima kifaa cha zamani huenda usiwe na intaneti ya kuulizia.
- Sindano au kipini chembamba cha kubonyezea kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani.
- Kalamu na karatasi.

Ile karatasi ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kuna manenosiri matatu tofauti katika kazi hii, nayo ndiyo yanayowachanganya watu kuliko kitu kingine chochote. La kwanza ni la akaunti yako kwa mtoa huduma, ambalo ruta hulitumia kujitambulisha, nalo si kila huduma inalo. La pili ni la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. La tatu ni la Wi-Fi, ambalo ndilo utakalompa mtu anayekuja kukutembelea. Chora mistari mitatu, andika kichwa cha kila mmoja, na ujaze kadiri unavyoendelea.

Hatua za kufunga

1. Chagua mahali kwanza. Weka ruta karibu na katikati ya eneo unalolitumia, juu ya rafu au kabati, mahali pa wazi. Zege, matofali mazito, chuma, vioo vya kujitazamia na tangi la samaki vyote hunyonya au hurudisha mawimbi. Watu wengi huificha ruta ndani ya kabati au nyuma ya televisheni kwa sababu haipendezi macho, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya malalamiko ya kasi ninayokutana nayo. Iepushe pia na maikrowevu, na usiweke diski ya nje ya USB 3.0 ikiigusa, kwani vifaa hivyo huvuruga gigahezi 2.4. Ikiwa waya wa mtoa huduma unaishia pembeni mwa nyumba, ni afadhali kununua waya mrefu wa mtandao kuliko kuiacha ruta kwenye kona: waya wa Cat5e huenda hadi mita 100 bila kupoteza chochote. Kama ruta ina antena za nje na nyumba ni ya ghorofa, simamisha moja na nyingine uilaze, kwa kuwa mawimbi husambaa kwa pembeni ya antena na si kwenye ncha yake.

2. Zima modemu na uunganishe waya. Chomoa umeme wa modemu au kisanduku cha faiba. Chukua waya wa mtandao, chomeka ncha moja kwenye tundu lake la kutoa intaneti, na ncha ya pili kwenye tundu la WAN la ruta. Tundu hilo mara nyingi huwa na rangi tofauti na mengine au huwa limetengwa kidogo. Matundu ya LAN ni ya kompyuta na televisheni, na waya wa intaneti ukichomekwa humo hautafanya kazi kama inavyotakiwa. Niliwahi kutumia alasiri nzima nikibadili mipangilio ya ruta ambayo haikuwa na kosa lolote isipokuwa waya ulioingia tundu la jirani. Tangu siku hiyo huanza kuangalia waya.

3. Washa kwa mpangilio. Washa modemu kwanza na usubiri taa zake zitulie, jambo linaloweza kuchukua dakika 2 hadi 5. Kisha washa ruta na usubiri tena. Tumia adapta ya ruta yenyewe tu. Adapta nyingi zina ncha zinazofanana lakini nyingine ni za volti 5, nyingine 9, nyingine 12, na ya volti kubwa huweza kuiunguza ruta papo hapo. Ukilazimika kutumia nyingine, volti zilingane kabisa, mpangilio wa chanya na hasi uwe ule ule, na ampea ziwe sawa au zaidi.

4. Ingia kwenye mipangilio. Unganisha kompyuta kwenye tundu la LAN kwa waya. Kama unatumia simu, jiunge na mtandao wa Wi-Fi ambao jina na nenosiri lake vimeandikwa kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa chini au nyuma ya ruta. Fungua kivinjari na uandike anwani iliyomo kwenye karatasi hiyo, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, kwenye mstari wa anwani ulio juu kabisa na si kwenye sanduku la kutafutia. Baadhi ya watengenezaji hutumia programu ya simu badala ya ukurasa huu, nayo hukuongoza kwa maswali yale yale.

Tahadhari kwa wanaotumia simu: ruta ikiwa haijapata intaneti, simu huona kwamba Wi-Fi hiyo haina faida na hurudi kimyakimya kwenye data, na ukurasa wa mipangilio hukataa kufunguka. Zima data kabla ya kuanza. Kivinjari kikikuonya kwamba ukurasa si salama, endelea; onyo hilo ni la kawaida kwa ukurasa unaotoka ndani ya ruta yako mwenyewe, mradi anwani uliyoandika ni ile ile ya kwenye karatasi.

5. Badili nenosiri la mipangilio. Ruta nyingi za zamani hutoka kiwandani na jina la "admin" na nenosiri ambalo kila mtu analijua. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka idadi kubwa mno ya kamera na ruta za majumbani kwa kujaribu tu orodha fupi ya manenosiri ya kiwandani. Liandike jipya kwenye mstari wa pili wa karatasi yako.

6. Weka aina ya muunganisho. Hapa una chaguo mbili hasa. Ikiwa mtoa huduma hakukupa jina wala nenosiri la akaunti, chagua muunganisho wa kupokea anwani moja kwa moja, unaoitwa DHCP. Ikiwa alikupa, chagua PPPoE na uyaandike jinsi yalivyo, herufi kubwa zikibaki kubwa na ndogo zikibaki ndogo. Hifadhi, subiri dakika moja, kisha tazama kama ukurasa unaonyesha kwamba umeunganishwa. Kwenye huduma za kebo, modemu huweza kuwa bado inaikumbuka ruta ya zamani. Izime kwa dakika kadhaa na uiwashe tena, na ikishindikana mwombe mtoa huduma aisajili ruta mpya. Mwenye ruta ya laini ya simu huandika jina la APN (jina la njia ya intaneti) la kampuni yake ikiwa halikujijaza lenyewe.

7. Sasisha programu dhibiti. Sasa intaneti ipo, tafuta mahali pa kusasisha na uruhusu toleo jipya lishushwe. Usizime umeme wakati kazi hii inaendelea, hata kama taa zimezima zote na inaonekana kana kwamba ruta imekufa, kwa sababu ukiikatiza huenda ikafa kweli. Ikiwa umeme wa kwenu ni wa kukatikakatika, chagua saa iliyo tulivu. Palipo na uwezo wa kusasisha kwa kujiendesha, uuwashe.

8. Upe mtandao jina na nenosiri. Jina, ambalo kwenye mipangilio huitwa SSID, linaweza kufika herufi 32. Usiweke jina lako kamili wala namba ya nyumba. Nenosiri linaanzia herufi 8 hadi 63, na urefu una nguvu kuliko alama za ajabuajabu: maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoandikwa kwa kufuatana, ni magumu kukisiwa na ni rahisi kumsomea mgeni. Ruta nyingi hutumia jina moja kwa gigahezi 2.4 na 5, na huacha kifaa kijichagulie, utaratibu ambao mimi naupendelea. Utenganishe majina ikiwa tu una printa, kamera au taa janja isiyojua gigahezi 5 na inayogoma kujiunga.

Ukipenda kukwepa usumbufu mkubwa, ipe ruta mpya jina na nenosiri lile lile la ruta ya zamani, mradi nenosiri hilo lilikuwa imara. Vifaa vyote vya nyumbani vitajiunga vyenyewe.

9. Funga milango isiyotumika. Chagua WPA3, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ikiwa baadhi ya vifaa vyako ni vya zamani. WEP, kiwango cha zamani cha ulinzi, usiiguse, kwani ilikwishavunjwa mwaka 2001. Zima WPS, kile kitufe cha kujiunga bila nenosiri, kwa sababu njia yake ya namba ya siri ilionekana kuwa dhaifu tangu 2011. Zima pia uwezo wa kuiendesha ruta kutoka nje ya nyumba. Kuficha jina la mtandao hakuongezi usalama. Anayetaka kuliona ataliona, na vifaa vyako mwenyewe ndivyo vitakavyosumbuka.

10. Rekebisha chaneli ikiwa kuna haja. Chaneli ni njia ndogo ndani ya masafa. Kwa kawaida acha ruta ijichagulie. Unapoishi katikati ya majirani wengi, kwenye gigahezi 2.4 tumia chaneli ya 1, 6 au 11 peke yake, maana hizo tatu haziingiliani, na uweke upana wa megahezi 20. Wanaochagua ya 3 au ya 8 wakidhani wamekimbia msongamano huwa wameingia kati ya makundi mawili na kusumbuliwa na yote. Kwenye gigahezi 5, upana wa megahezi 80 unafaa kwa walio wengi.

11. Fungua mtandao wa wageni. Wape wageni mtandao huu, na humo humo weka kamera, plagi janja na vifaa vingine usivyoviamini sana, ili kimoja kikidukuliwa kisifike kwenye kompyuta yako. Kumbuka tu kwamba simu iliyo kwenye mtandao mkuu huenda isiione printa iliyo kwenye mtandao wa wageni.

12. Pima mara tatu. Pima kasi ukiwa umeunganishwa kwa waya, kisha kwa Wi-Fi ukiwa karibu na ruta, kisha kwa Wi-Fi ukiwa chumba cha mbali. Andika majibu yote matatu kwenye karatasi ile ile, kwa sababu utayahitaji siku intaneti itakapoharibika.

Mambo yakigoma

*Wi-Fi ipo lakini intaneti haipo.* Hali hii ina maana kwamba simu yako inaongea na ruta vizuri, lakini ruta haiongei na mtoa huduma. Hakikisha waya umo kwenye WAN, zima vyote viwili, washa modemu kwanza na ruta baadaye. Ikiwa bado, iunganishe kompyuta moja kwa moja kwenye modemu. Kama huduma yako ni ya DHCP na kompyuta nayo haipati intaneti, kosa halimo kwenye ruta. Tahadhari moja tu, modemu za kebo huhitaji kuzimwa na kuwashwa kila unapobadili kifaa. Kama huduma yako ni ya PPPoE, jaribio hilo halina maana bila kuingiza akaunti kwenye kompyuta yenyewe, kwa hiyo hakiki kwanza herufi za nenosiri la akaunti.

*Kasi ni ndogo.* Rudia vile vipimo vitatu. Kwa waya ikiwa ndogo, tatizo ni huduma au tundu la megabiti 100. Waya wenye ncha iliyochakaa nao huweza kushuka hadi megabiti 100 bila kutoa dalili nyingine, basi jaribu mwingine. Kwa waya ikiwa nzuri na Wi-Fi ya karibu ikiwa mbaya, tazama kama simu imejiunga na gigahezi 2.4. Karibu ikiwa nzuri na mbali ikiwa mbaya, hapo ni kuta, na dawa yake ni kuhamisha ruta au kuongeza kituo. Kama una programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, takriban −67 bado inafaa kwa simu ya video, na chini ya −80 usitegemee kitu.

*Ruta mbili zinagombana.* Hutokea unapochomeka ruta yako nyuma ya kisanduku cha mtoa huduma ambacho nacho ni ruta. Kuvinjari kunaweza kwenda sawa, lakini michezo ya mtandaoni, kamera na simu za intaneti husumbua, na vyote viwili vikitumia 192.168.1.1 huenda kusiwe na intaneti kabisa. Weka kisanduku cha mtoa huduma katika hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu bila kuigawa, au iweke ruta yako katika hali ya kutoa Wi-Fi tu. Usifanye yote mawili kwa pamoja.

*Kifaa kimepata anwani inayoanza na 169.254.* Kompyuta ilisubiri kupewa anwani, haikupewa, ikajitungia yake. Zima na kuwasha Wi-Fi ya kifaa hicho, na kama kila kifaa kinapata anwani ya namna hiyo, angalia kama DHCP ya ndani ya ruta imezimwa.

*Kifaa kimoja tu kinagoma.* Futa mtandao huo kwenye kumbukumbu ya kifaa na ujiunge upya. Kikiwa cha zamani, jaribu kwa muda kuirudisha ruta kwenye WPA2.

*Inakatika kila baada ya muda.* Ishike ruta kwa mkono. Ikiwa ni ya moto mno, imefunikwa au haina hewa. Ikiwa inajizima na kujiwasha, mshukiwa wa kwanza ni adapta.

*Nenosiri la mipangilio limepotea.* Ruta ikiwa imewashwa, bonyeza kitufe cha RESET kwa sindano kwa takriban sekunde 10 hadi taa zibadilike, kisha rudi hatua ya nne. Kila ulichokuwa umekiweka kitafutika, pamoja na akaunti ya PPPoE, kwa hiyo usikibonyeze kabla ya kuwa na ile karatasi mkononi. Ukiwa umepitia haya yote na taa ya intaneti bado haiwaki, mpigie mtoa huduma na umsomee matokeo ya kipimo cha waya moja kwa moja kutoka kwenye modemu. Akijua kwamba umekwisha kuiondoa ruta kwenye mashaka, hatakuambia uizime na kuiwasha tena.